Mama Aliponiambia Tumchome

Masomo ya wiki: Mwanzo 23, 1 Samweli 31:11-13, 2 Samweli 21:12-14, Waebrania 11:22



Wiki hii nataka tuzungumze jambo ambalo wengi wetu hulikemea kabla halijamaliza kutamkwa. Nalijua hilo kwa sababu mimi mwenyewe nililikemea, tena mbele ya mama yangu mzazi.

Ilikuwa jioni moja kule Kangemi, wiki chache baada ya kumzika mama yangu mdogo. Mama ni mweka hazina wa chama chao, na mchango wowote ukipita mikononi mwake lazima auandike. Akanifungulia daftari la mazishi. Mochari siku 19. Jeneza. Gari la kubeba maiti mpaka Vihiga. Mabasi mawili ya waombolezaji. Hema, viti, vipaza sauti, ng'ombe, mchele, majani ya chai. Chini kabisa alikuwa ameandika deni lililobaki, na jina la mtu aliyeachiwa alilipe. Ni kifungua mimba wa marehemu, kijana aliyekuwa mwaka wa pili chuoni. Muhula uliofuata hakurudi.

Mama akafunga daftari, akasema kama mtu anayeagiza sukari dukani, "Mimi nikifa, nichomeni. Majivu mtajua pa kuyapeleka."

Nikaruka. "Ashindwe! Mama, usijitamkie kifo!"

Akanitazama juu ya miwani yake. "Pasta, mimi nina miaka 71. Kifo hakingoji kutamkwa."

Kusema ukweli, nilirudi nyumbani nikiwa nimekasirika, na sikujua ni kwa nini. Mimi nimesomea biashara. Nimesimama hapa mbele yenu mara nyingi nikawafundisha kuandika bajeti na kukataa madeni. Kwa hesabu, mama alikuwa sawa kabisa. Lakini kila nikiwaza ule moto, moyo ulikataa. Basi nikaingia katika Neno nikitafuta andiko la kumshinda mama. Nataka niwashirikishe nilichokipata, kwa sababu sicho nilichokuwa nikikitafuta.

Je, moto unaweza kumshinda Mungu?

Hili ndilo swali la kwanza ambalo watu huuliza. Mtu akichomwa akawa majivu, atafufukaje siku ile ya parapanda? Dada mmoja katika ushirika wetu wa nyumbani aliniuliza hivi, "Sasa Pasta, huoni ni kama kujipeleka jehanamu mapema?"

Hebu tufikiri pamoja. Mwili uliozikwa miaka 300 iliyopita uko wapi leo? Umekuwa udongo. Bwana alimwambia Adamu mapema kwamba angerudi mavumbini, na hilo humpata kila mmoja wetu. Ardhi huchukua miaka, tanuri huchukua saa chache, lakini mwisho wa safari ni ule ule. Ufunuo 20:13 inasema hata bahari itawatoa wafu wake. Wale waliozama wakaliwa na samaki hawajasahaulika. Na Paulo, katika 1 Wakorintho 15, anatufananisha na mbegu. Mkulima akipanda hindi hatarajii kulifukua likiwa vile vile. Anatarajia mmea.

Tena, wapo walioujaribu moto wakidhani utamshinda Mungu. Mwaka 177, katika mji wa Lyon kule Ufaransa, watesi waliwaua Wakristo, wakachoma miili yao, wakayamwaga majivu katika mto Rhône. Shabaha yao ilikuwa kuwanyima wale ndugu tumaini la ufufuo. Na hapa karibu, tarehe 3 Juni 1886, vijana wa Uganda waliomkiri Kristo walichomwa moto Namugongo, wa kanisa Katoliki na wa Anglikana pamoja. Je, kuna mmoja wetu anayedhani kwamba vijana wale hawatafufuka kwa sababu walikuwa majivu? Hakuna. Kama moto wa chuki haukuweza kuwatenga na Bwana, moto uliowashwa na watoto wanaokupenda utawezaje?

Kwa hivyo andiko la kumshinda mama sikulipata hapo. Nikaendelea kutafuta.

Moto wa dharau na moto wa heshima

Biblia inazungumzia kuchoma maiti mahali pachache, lakini mahali pawili panatosha kutufundisha.

Katika Amosi 2:1, Mungu anaihukumu Moabu kwa sababu waliichoma mifupa ya mfalme wa Edomu ikawa chokaa. Walifanya hivyo kumdhalilisha mtu ambaye hawezi tena kujitetea. Mungu aliona, akakasirika.

Sasa soma 1 Samweli 31. Wafilisti wameutundika mwili wa Sauli ukutani Bethshani. Watu wa Yabesh-gileadi wanasikia. Sauli aliwahi kuwaokoa zamani. Wanatembea usiku kucha, wanaushusha mwili wake na ya wanawe, wanaichoma, wanaizika mifupa chini ya mti, wanafunga siku saba. Na Daudi, badala ya kuwakemea, anawabariki kwa wema waliomtendea bwana wao (2 Samweli 2:5).

Moto ni ule ule. Kilichotofautiana ni kile kilichokuwa ndani ya mioyo ya waliouwasha. Moabu walichoma ili kumfuta mtu. Yabeshi walichoma ili kumlinda. Nikagundua kwamba nimekuwa nikiuliza swali dogo. Nilikuwa nikiuliza, "Moto ni dhambi ama si dhambi?" Kumbe ningeuliza, "Tunamtendea nini huyu mtu?"

Hapa Kenya si jambo geni pia. Askofu Mkuu Manasses Kuria wa Kanisa la Anglikana aliuchoma mwili wa mkewe mwaka 2002, na wake mwenyewe ukachomwa alipofariki mwaka 2005. Watu walishangaa sana wakati ule. Profesa Wangari Maathai, mwaka 2011, hakutaka mti ukatwe kwa ajili ya jeneza lake. Sanduku lake lilitengenezwa kwa mianzi, mafunjo na magugu ya ziwani, mwili ukachomwa Kariokor, na majivu yakazikwa. Hawa walikuwa wamefikiri, wakachagua, wakawaambia watu wao.

Kupanga si kujitabiria

Hapa lazima nitubu mbele yenu. Nilimwambia mama asijitamkie kifo. Lakini Waebrania 11, ile sura ya mashujaa wa imani, inapomfikia Yusufu haitaji ndoto zake wala ghala zake. Inataja kwamba alipokaribia kufa aliagiza habari ya mifupa yake. Agizo la mazishi limehesabiwa kuwa imani! Yakobo naye aliwaita wanawe akawaambia azikwe wapi. Na Bwana wetu, akiwa msalabani, alipanga mama yake atakaa na nani.

Nasi tuna mfano wa Ibrahimu katika Mwanzo 23. Nauona kwa jicho la biashara. Ibrahimu anatafuta mahali pa kumzika Sara wakati Sara ameshalala mbele yake. Anajadiliana na Efroni langoni, watu wote wakisikiliza, machozi hayajakauka. Efroni anasema shekeli 400, na Ibrahimu analipa zote bila kuvuta bei hata kidogo. Heri yake alikuwa na fedha. Wengi wetu tunanunua hivyo hivyo, huku bili ya mochari ikipanda kila siku na kamati ikisubiri.

Na tusipopanga, wengine watatupangia, ama watapigania. Wazee mnakumbuka kesi ya wakili S. M. Otieno. Alifariki tarehe 20 Desemba 1986. Mjane wake, Wambui, alitaka kumzika Upper Matasia kule Ngong. Ukoo wake ukataka azikwe Nyalgunga, Siaya. Mtu aliyeijua sheria kuliko wengi wetu hakuwa ameacha wasia wa maandishi. Mwili ulikaa mpaka tarehe 23 Mei 1987, miezi mitano na zaidi, ndipo akazikwa Nyalgunga. Mimi simhukumu mjane wala ukoo. Nasema tu, walioumia ni walio hai.

Swali ambalo sikuwa nimeuliza

Mpaka hapo nilikuwa nimeshindwa mjadala. Nikarudi Kangemi Jumamosi moja nimwambie mama kwamba sawa, nimekubali. Lakini njiani, ndani ya matatu, nikakumbuka lile daftari. Nikaanza kusumbuka upya, safari hii kwa sababu nyingine.

Tulipomaliza chai nikamwuliza, "Mama, tuseme pesa ipo. Tuseme hakuna hata mmoja wetu atakayekopa shilingi. Bado ungetaka kuchomwa?"

Mama akanyamaza. Mnajua mama yangu hanyamazi. Halafu akasema polepole, "Baba, mimi nilimwona yule kijana akirudi kutoka chuoni amebeba godoro lake kichwani. Nikasema moyoni, mimi sitakuwa mzigo namna hiyo."

Wapendwa, hapo ndipo niliposhikwa. Nilikuwa karibu kulibariki kama chaguo jambo ambalo lilikuwa ni woga. Mama hakuwa amechagua moto. Alikuwa amejipigia hesabu, akajiona ni ghali.

Kuna tofauti kubwa kati ya mtu anayetoa na mtu anayejiondoa. Anayetoa anasema, "Hili nalitaka, na ninawapunguzia." Anayejiondoa anasema, "Samahani kwa usumbufu." Kwa nje wanaandika karatasi ile ile. Lakini Mungu anaangalia moyo, na watoto nao wanapaswa kuangalia. Amri haikusema tuwaheshimu baba na mama wakiwa wa bei nafuu. Katika Marko 7, Yesu aliwakemea watu waliotumia sababu nzuri ya dini, sadaka, ili kukwepa kuwatunza wazazi wao. Kuokoa pesa pia ni sababu nzuri. Nayo inaweza kutumika vibaya.

Gharama ni sababu halali ya kupunguza mabasi, kufupisha siku za mochari na kukataa ng'ombe wa pili. Sio sababu ya kumfanya mzee wetu ajione bili. Mkristo akichagua moto akiwa huru, tumsindikize kwa nyimbo. Lakini umaskini usimchagulie.

Na ni nani aliyemfundisha mama kuogopa hivyo? Ni sisi. Ni mazishi yetu. Tumefanya wingi wa magari uwe kipimo cha upendo. Mtu akiwa mgonjwa, kikundi cha WhatsApp kinanyamaza. Akifa, kamati inakaa kila jioni na michango inatiririka. Yule kijana hakuachishwa chuo na kifo cha mama yake. Aliachishwa na aibu yetu ya kuonekana tumemzika vibaya.

Neno la baba mkubwa

Sitaki mfikiri kwamba upande wa mila ulikosa la kusema. Nilipokwenda Vihiga kumwona baba mkubwa, mzee wa boma letu, nilibeba maandiko yangu yote. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Nyinyi vijana wa mjini mnapenda hesabu. Sasa nikuulize. Mjukuu akisema, 'Nyanya yangu yuko wapi?', utamwonyesha nini? Moshi?"

Sikuwa na jibu. Mzee hakuwa anatetea ushirikina. Alikuwa anasema kwamba kaburi si la marehemu peke yake. Ni mahali ambapo walio hai wanasimama, wanataja jina, wanajua wametoka kwa nani. Yusufu alijua hilo, ndiyo maana Waisraeli waliibeba mifupa yake kutoka Misri mpaka Shekemu. Hata ile mifupa ya Sauli iliyopitia moto, Daudi aliifuata baadaye akaizika katika kaburi la Kishi, baba yake Sauli. Moto haukumnyima Sauli nafasi ya kurudi nyumbani.

Hivyo nikajifunza kwamba kuchagua namna bila kuchagua mahali ni kazi nusu. Mwili ukichomwa hubaki majivu ya kilo mbili tatu hivi, yanayoweza kubebwa kwa mikono miwili. Yasiachwe kwenye kabati kwa sababu hakuna aliyepanga. Yapewe mahali. Kanisa Katoliki, ambalo liliruhusu kuchoma maiti mwaka 1963, linataka majivu yawekwe mahali patakatifu, yasitawanywe. Sisi hatuna sheria hiyo, lakini hekima yake naiona.

Na wanaosema wazike tu, wapange mahali pia. Makaburi ya Lang'ata yalitangazwa kujaa miaka mingi iliyopita, na bado tunapeleka watu pale. Kule nyumbani mashamba yamegawanywa mpaka kaburi la baba yangu limebanwa na ukuta wa jikoni la jirani. Kuzika nako kunahitaji mpango.

Mambo ya kufanya wiki hii

Kwanza, zungumza. Usingoje ugonjwa. Waite watoto, ama wazazi, mkiwa mmeshiba na mnacheka.

Pili, ukisikia mzee anasema "msihangaike na mimi", usishangilie unyenyekevu wake. Muulize lile swali: kama pesa si shida, ungetaka nini? Kisha nyamaza usikilize.

Tatu, andika. Andika namna, andika mahali, weka tarehe na sahihi, na mashahidi wawili. Karatasi ijulikane iko wapi. Na watakaosimama siku ile, mke, mume, watoto, wazee wa ukoo, waisikie kutoka kinywani mwako, si kutoka kwa pasta juu ya jeneza.

Nne, familia moja ikichoma na nyingine ikizika, kanisa lisinong'one. Tutakwenda kote, tutaimba kote.

Tano, tuchangie mapema. Aliye hospitalini anaihitaji ile harambee kuliko jeneza.

Sasa mtauliza, mama aliamua nini? Alijipa wiki mbili. Akanipigia simu asubuhi na mapema. "Nimefikiri bila daftari," akasema. Bado anataka kuchomwa. Lakini sababu imebadilika. Anasema shamba la baba limebaki kama ukumbi, na hataki wajukuu wake wajenge jikoni juu yake. Majivu yazikwe Vihiga, ubavuni mwa baba, na jina lake liandikwe kwenye jiwe moja na la baba. Na lazima tumuimbie usiku mzima, kwa sababu yeye ameimbia wengi.

Baba mkubwa aliposikia kwamba atarudi nyumbani, alisema atafikiria. Dada yangu bado hajakubali kabisa. Anasema hawezi kusimama pale Kariokor. Mama amemwambia, "Sina haraka, nitakungoja." Kwa hivyo tunaendelea kuzungumza, na katika kuzungumza huko tumemjua mama yetu kuliko miaka yote tuliyoishi naye. Yule kijana wa mama mdogo naye, tumekaa kama familia tukaligawana lile deni. Muhula ujao anarudi chuoni, na godoro lake.

Tuombe. Baba wa mbinguni, sisi ni mavumbi na wewe unatukumbuka. Wasamehe watoto ambao wamewafanya wazazi wajione mzigo. Tupe ujasiri wa kupanga bila hofu, na upendo wa kusikiliza bila haraka. Iwe kwa udongo ama kwa moto, tunajua sauti yako itatufikia. Katika jina la Yesu, amina.

Maswali ya ushirika wa nyumbani

1. Watu wa Moabu na watu wa Yabeshi walichoma maiti. Kwa nini mmoja alihukumiwa na mwingine akabarikiwa?
2. Je, kuna mzee katika familia yako anayejiona mzigo? Amejifunza hilo kwa nani?
3. Mjukuu wako akiuliza uko wapi, ungependa aonyeshwe mahali gani?